Mnaoniuliza pale Kabwe "fundi, hii miwani ni nini?", majibu yenu yako humu (uzi wa VR)

Kipanga wa Kabwe (mleta uzi)

Wakuu heshima zenu. Wa Iringa kamwene, wa Rungwe mugonile.

Mimi ni fundi simu, kibanda kipo Kabwe hapa Mbeya. Tangu Nanenane iliyopita pale viwanja vya John Mwakangale, Uyole, nina kabiashara ka pembeni: miwani ya VR (virtual reality), dakika 5 kwa buku. Hela inaingia, sikatai, ila nimechoka kuulizwa. "Fundi, hii kitu ni nini?" Nikisema VR, naulizwa VR ndo nini. Nikisema kwa Kiswahili chake, uhalisia pepe, hapo ndo naharibu kabisa. Kuna mama alivua miwani palepale akasema yeye ameokoka, mambo ya mapepo hataki. Leo umeme umekatika tangu saa tatu, kazi imelala, acha niandike mara moja. Mtu akiniuliza tena namtumia linki.

Nianze na mzee mmoja wa Mbarali.

Kipindi kile nilikuwa na gemu ya kutembea juu ya ubao. Unapandishwa lifti hadi juu ya ghorofa, mlango unafunguka, mbele yako kuna ubao mmoja umechomoza hewani na magari yako chini kama njugu. Mimi kwa ujanja wangu nikachukua ubao wa kweli, paini ya Mufindi, inchi moja kwa nane, nikaulaza chini ndani ya banda, nikaulinganisha na ule wa kwenye gemu. Mzee akaja na koti lake zito, mnaijua baridi ya Uyole mwezi wa nane. Nikamvalisha. Mzee anajua yuko Uyole. Anasikia kabisa spika ya banda la jirani ikitangaza mbegu za mahindi. Ubao ameuona kwa macho yake kabla hajavaa. Mlango wa lifti ulipofunguka akaganda. Mimi nilikuwa naangalia miguu: vidole vilijikunja ndani ya kandambili kama kuku aliyeshika tawi. Akanikamata mkono, kiganja kimelowa jasho na baridi yote ile. Akasema, "Kijana, najua ni uongo, ila miguu haijaambiwa."

Wakuu, hapo ndipo VR ilipo.

Kwa maneno ya darasani: VR ni ulimwengu uliochorwa na kompyuta, unaokuzunguka pande zote, na unaokujibu papo kwa papo. Shikeni hapo pa kukujibu. Ukiwa kibanda umiza unaangalia mpira, ukageuka kumtafuta muuza karanga, mpira hauna habari na wewe. Ndani ya VR ukigeuza shingo, picha inachorwa upya kwa upande ule ulikogeukia. Ukichuchumaa, unaona chini ya meza. Picha inaitii shingo yako. Ndiyo maana mtu akiniambia "kwani si TV tu imesogezwa karibu na macho" huwa namvalisha kwanza halafu tunaongea.

Kuna maneno mawili watu wanayachanganya, hata wenye elimu. Kuna KUZAMA na kuna KUWAPO. Kuzama ni kazi ya mashine: kioo kina ubora gani, picha inaziba upana gani wa macho, sauti inatoka upande sahihi au la, mikono yako inaonekana au haionekani. Hayo unaweza kuyapima. Kuwapo ni kinachotokea ndani ya mtu, ile hali ya kujikuta uko kule wakati akili inajua uko hapa. Mtaalamu anaitwa Mel Slater ameandika sana habari hii, na mwaka 2009 akakugawa kuwapo mara mbili: kujiona uko mahali pale, na kuona kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. Mzee wa Mbarali vyote viwili vilimkamata. Vijana wengi kinawakamata cha kwanza tu: wanajiona wako juu, ila hawaogopi, wanacheka.

Naendelea chini, bando linaniruhusu.

Nimekaa Palee

Siti ya mbele kabisa. Endelea fundi.

Msema Hovyo

Chai hii, haina hata sukari. Mzee mzima aogope ubao uliolala chini? Nikija hapo nauvuka nakula karanga.

Kipanga wa Kabwe

@Msema Hovyo karibu, karibu sana. Karanga zinauzwa mlangoni.

Tena si mzee wangu peke yake. Pale Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani walitengeneza chumba cha VR chenye shimo refu katikati, watu wakafungwa vipimo vya mapigo ya moyo, wakasogezwa ukingoni. Moyo ukaongeza mbio. Halafu wakaweka chini ubao wa kweli wa inchi moja na nusu ili mguu uhisi ukingo. Moyo ukaongeza mbio zaidi. Matokeo yalitoka 2002. Mimi nilifanya vilevile na paini bila kujua kama kuna watu wameshaandika.

Mpunga Safi

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi nalima Usangu, mambo ya kompyuta nawaachia nyie, lakini hilo neno "pepe" mwacheni mkulima aliseme. Huyo mama aliyekimbia mapepo angekuja kwetu wakati wa kupepeta. Mpunga pepe ni ule wenye ganda lakini ndani hamna punje. Ukiuangalia shambani, suke limesimama vizuri tu, rangi ileile, umbo lilelile. Uweke kwenye ungo, upepo unauchukua. Ndo maana naona aliyesema "uhalisia pepe" alipatia, hata kama alikuwa anafikiria barua pepe. Ganda la uhalisia lipo, punje haipo.

Sasa fundi nijibu hapa: mpunga pepe hauniumizi tumbo kwa sababu siwezi kuula. Huo wa kwako mbona unaumiza moyo?

Kipanga wa Kabwe

Mzee wangu marahaba... samahani, shikamoo 😂 vidole vinawahi kuliko adabu.

Swali lako ni zito na jibu lake liko kwenye namna macho yanavyodanganywa. Macho nayo hayali punje, yanakula ganda tu. Siku zote. Hata ukiangalia Loleza asubuhi, kinachoingia machoni ni mwanga, mlima wenyewe haujaingia. Ubongo ndio unajaza punje. VR inachofanya ni kuleta ganda linalofanana vya kutosha, ubongo unajaza wenyewe kwa mazoea.

Inafananaje? Kwanza macho ni mawili, yameachana milimita 63 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, kwa hiyo kila jicho linaona picha tofauti kidogo. Fanya hivi sasa hivi: nyoosha kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, badilisha. Kidole kimeruka, si ndiyo? Ubongo unatumia ule mruko kujua kitu kiko mbali au karibu. Mwingereza Charles Wheatstone alishalieleza hilo mwaka 1838, kwa vioo na michoro ya mkono, umeme wa majumbani haujafika popote. Miwani ya VR inampa kila jicho picha yake, basi kina kinatokea.

Hapa pana kosa la kibiashara nililolifanya wiki nzima ya kwanza. Miwani yangu ina sehemu ya kusogeza lenzi zilingane na macho ya mtu. Mimi nilikuwa siigusi, namvalisha kila mtu hivyohivyo. Wenye macho yaliyokaribiana walikuwa wanavua wanasema "kuna ukungu". Mimi nawaambia wafute lenzi! Kweli asubuhi za Uyole lenzi inapata ukungu kwa joto la uso, lakini nusu ya wale tatizo halikuwa ukungu. Siku hizi namsogezea mteja kwanza, hadi aone maandishi yamekaa.

Pili ni lenzi. Kioo kiko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho, bila lenzi usingeona kitu. Lenzi zinafanya kionekane kama kiko mita moja au mbili mbele. Ndiyo chanzo cha macho kuchoka: macho yanajipinda kufuata kitu kilicho karibu, ila lenzi ya jicho lako bado inalenga umbali uleule mmoja. Viungo viwili vilivyozoea kwenda pamoja vinatenganishwa.

Tatu, na hii ndo roho ya mambo yote, ni kuchelewa. Ukigeuza kichwa, mashine inatakiwa ijue umegeuka, ichore picha mpya, iionyeshe, yote hayo ndani ya milisekunde 20 hivi. Kupepesa jicho mara moja tu kunachukua zaidi ya milisekunde 100. Miwani nyingi nzuri zinachora picha 90 kwa sekunde, maana yake kila picha ina milisekunde 11 tu za kuishi. Ikichelewa, dunia inakufuata nyuma kama trela lililolegea, na hapo tumbo linaanza kuongea.

Mama Ndizi

Fundi, mimi wa Tukuyu hapa. Hilo la tumbo ndo lililonileta. Mwanangu alivaa hiyo kitu kwenye sherehe, ile ya treni ya kuzunguka, akatapika hadi uji wa asubuhi. Ni ugonjwa? Na ana miaka 8, anaruhusiwa?

Kipanga wa Kabwe

Pole sana mama. Si ugonjwa.

Umewahi kupita Kitonga na basi huku unasoma simu? Zile kona, masikio yako ndani kuna maji yanayopima mwendo, yanasema tunayumba. Macho yameganda kwenye simu, yanasema tumetulia. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana, unaamua umekula kitu kibaya, unakitoa. Hivyo ndivyo wengi wanavyoeleza, mimi naona inaingia akilini. Treni ya VR ni Kitonga iliyogeuzwa: macho yanasema tunashuka kwa kasi, masikio yanasema tumekaa kwenye kiti cha plastiki. Matokeo yaleyale. Na kama dereva wa basi asivyotapika, mtu anayejiendesha mwenyewe ndani ya gemu huumia kidogo kuliko anayeendeshwa. Zile gemu ambazo unatembea kwa miguu yako halisi haziumizi sana, kwa sababu macho na masikio yanasema kitu kimoja.

Kuhusu umri: kampuni ya Meta, wenye Facebook na miwani ya Quest, iliweka miaka 13, mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Wa miaka 8 mimi simvalishi, hata mzazi akinipa elfu tano. Nilishakataa na nikatukanwa.

Kijana wa Iyunga

Fundi unaandika vizuri ila kuna sehemu unajichanganya mwenyewe. Umesema VR lazima ikujibu. Sasa hiyo treni ni video ya nyuzi 360. Ukigeuka unaona nyuma, sawa, lakini ukiinuka kwenye kiti huendi popote. Ukinyoosha mkono hugusi kitu. Kamera ilishapita, wewe unaangalia marudio. Kwa tafsiri yako mwenyewe hiyo si VR, na nina uhakika ndiyo inayokuingizia hela nyingi.

Kipanga wa Kabwe

Umenikamata kooni.

Ni kweli. Na ndiyo inayouza kuliko zote, sitaki kudanganya.

Wacha nifafanue kwa ajili ya wengine. Kichwa kina miendo 3 ya kuzunguka: wa kukataa (huku na huku), wa kukubali (juu na chini), na wa kulaza sikio begani. Halafu mwili una miendo 3 ya kuhama: mbele na nyuma, kushoto na kulia, kupanda na kushuka. Jumla 6. Video ya nyuzi 360 inajua ile 3 ya kwanza tu. Ubao wa mzee unajua yote 6, ndiyo maana hatua moja ya mguu wa kweli ni hatua moja hewani. Miwani inajuaje umehama? Yangu ina kamera ndogo 4 nje, zinaangalia banda, zinashika alama za turubai na meza, zinapiga hesabu umesogea kiasi gani. Giza likiingia zinapotea, mteja anaona dunia inateleza. Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni ubao nafunga, nabaki na treni.

Sasa video tuiite nini? Mimi naiita VR ya kukaa. Wewe iite utakavyo.

Kijana wa Iyunga

VR ya kukaa nimeikubali 😂

Kwa wanaochanganya na ile ya kuona kidudu kimesimama barabarani kupitia simu, kama Pokémon Go ya 2016: ule ni uhalisia ulioongezewa. Dunia yako inabaki, kinaongezwa kitu juu yake. VR inaifuta dunia yako yote, inaweka nyingine. Paul Milgram na Fumio Kishino walishaliweka hili vizuri mwaka 1994: ni mstari mmoja, ncha hii uhalisia mtupu, ncha ile upepe mtupu, katikati michanganyiko ya kila aina. Miwani mpya nyingi zinatembea kwenye mstari huo huo, kwa kubonyeza unaona chumba chako, ukibonyeza tena kimepotea.

Babu wa Redio

Vijana mnaongea kama kitu kimezaliwa jana. Mwaka 1962 Mmarekani Morton Heilig alipata hataza (patent) ya kibanda alichokiita Sensorama: unakaa, unatia kichwa, unaona sinema yenye kina ya kuendesha pikipiki, kiti kinatetemeka, feni inakupulizia, na harufu inakuja. Harufu! Ila ilikuwa sinema, VR ya kukaa kama anavyosema fundi. Mwaka 1968 Ivan Sutherland akavalisha watu chombo cha kichwani kilichofuata mwendo wa kichwa. Kilikuwa kizito hadi kikaning'inizwa darini. Picha yake? Mistari mitupu, kama boksi la waya. Lakini ukigeuka, boksi linabaki mahali pake. Jina lenyewe la VR lilienezwa na Jaron Lanier miaka ya 1980, kampuni yake ikiuza miwani na glavu za waya. Wa Nintendo, wale Wajapani wa gemu, wakajaribu 1995, picha nyekundu tupu, wakaacha. Halafu kimya kirefu hadi yule kijana Palmer Luckey na kampuni yake ya miwani, Oculus, mwaka 2012, na miaka miwili mbele Facebook wakainunua kwa dola bilioni 2 hivi.

Nimekaa Palee

Babu ndaga fijo. Hizi ndo nondo.

Mwalimu Kihesa

Naomba nichangie kama mwalimu wa historia, Iringa. Isimila ipo kilomita 20 tu kutoka mjini, zana za mawe na zile nguzo za mchanga, na bado nina wanafunzi wanaomaliza kidato cha nne bila kufika, nauli tu. Fundi, je naweza kupiga picha nikawavalisha darasani? Na Kimondo cha Mbozi je?

Kipanga wa Kabwe

Mwalimu, unaweza, ila chagua unataka nini. Ukitaka mwanafunzi asimame katikati ya nguzo azungushe kichwa, kamera moja ya nyuzi 360 inatosha, na hata boksi la karatasi lenye lenzi mbili na simu ndani linafanya kazi. Google walilitoa la kwao 2014. Ila angalia simu iwe na jairoskopu, kile kipimo cha mzunguko. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na mimi nilinunua maboksi 6 kabla ya kujua hilo. Nilivaa, nikageuka, picha ikabaki imenitazama usoni. Maboksi yaliishia kuwekea vioo vya simu.

Ukitaka wakizunguke kimondo, wachungulie chini yake, hapo unahitaji umbo kamili. Unapiga picha za kawaida mamia kwa mamia kukizunguka, karibu na mbali, juu na chini, programu inatafuta alama zinazojirudia kwenye picha na kujenga umbo. Kimondo kina urefu wa mita 3 hivi, kimetulia, hakina majani yanayopepea, ni rahisi kuliko mti. Usipige saa sita jua kali, kivuli kitaganda juu ya kimondo milele. Kaombe ruhusa kwa wahusika kwanza.

Mwalimu Kihesa

Nimekuelewa. Wakiulizwa "mlifika?", wajibu nini?

Mpunga Safi

Wajibu wamekula ganda, mwalimu. Punje wataifuata wakipata nauli.

Mnunuzi Soweto

Miwani shingapi fundi? Nataka nifungue na mimi.

Kipanga wa Kabwe

Yangu ni ya mtumba, bei njoo PM, hapa wapo wa TRA 😂. Ninachokuambia bure: usiiache juani lenzi zikiwa juu. Lenzi zinafanya kazi kinyumenyume, zinakusanya jua na kulimwaga kwenye kioo. Mimi niliitua mezani dakika chache nikaenda kuchukua chenji, nikarudi na doa la njano katikati ya jicho la kushoto. Lipo hadi leo, wateja wanadhani ni jua la kwenye gemu. Weka na mtu wa kusimama na mteja, kuna mmoja alikwepa nyoka akaenda kukumbatia nguzo ya banda. Na nunua wipes, uso wa mtu wa kumi haupendi jasho la wa tisa.

Umeme umerudi. Nipo kazini, maswali wekeni.

Msema Hovyo

Nimetoka hapo kwake sasa hivi.

Ubao nimeukagua. Uko chini, hauna hata kimo cha kiberiti. Nimeukanyaga mara mbili kabla ya kuvaa. Karanga nilikuwa nazo, za mia tano.

Lifti ikafunguka. Nikasogeza mguu wa kulia, nikausikia ubao. Nikasogeza wa kushoto. Kisha nikaangalia chini.

Fundi, karanga zilizomwagika ulizonazo hapo, wape kuku. Buku yangu baki nayo.